Milango Sita Ndani ya Minivani

Nyumba mpya,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, 14 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Wifi yangu na mapacha wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima, na mimi leo nina furaha ambayo siwezi kukaa nayo peke yangu.

Nilipokwambia kwenye simu kwamba nimenunua minivani, ulicheka mpaka ukapaliwa. Ukasema, "Dada, fundi cherehani mmoja na viti saba, unafungua shule?" Sasa kaa, usome.

Mama alikuwa aruhusiwe kutoka hospitali Ijumaa, baada ya miezi miwili ya ile nyonga iliyovunjika. Dada mkubwa anakaa ghorofa ya tatu, na Mama sasa anatumia kiti cha magurudumu. Ilibidi aje kwangu. Lakini nyumba yangu haikuwa na hata mlango mmoja wa ndani. Chooni nilitundika shuka.

Jumatano, mwenye lori aliyepaswa kuleta milango akazima simu. Seremala wa kuipachika naye akaniambia kesho jioni anaenda kazi nyingine, harudi mpaka mwezi upite. Nikachukua ufunguo wa minivani, nikamwambia, "Panda, twende."

Tulipofika karakana, seremala aliitazama milango, akalitazama gari, akatikisa kichwa. "Mama, hii haiingii humo."

Nikavua futi yangu shingoni. Nikapima mlango, nikapima gari kutoka nyuma hadi kwenye dashibodi. Tukang'oa viti vya nyuma, tukalaza cha abiria wa mbele. Mlango wa kwanza ukapita kama uzi kwenye tundu la sindano. Wa pili juu yake. Mpaka wa sita! Seremala akakosa pa kukaa, akanifuata kwa pikipiki ya kukodi, na kila tukisimama kwenye taa ananipigia saluti. Alhamisi saa kumi jioni alikaza bawaba ya mwisho.

Ijumaa nikarudisha viti, nikaacha nafasi ya kile cha magurudumu. Siku Mama anapelekwa hospitali, watu wanne walimkunja wamwingize kwenye teksi, akalia kwa aibu zaidi kuliko maumivu. Safari hii mlango wa pembeni ulifunguka wote, sakafu iko chini, akakaa ukingoni mwa kiti, akajivuta ndani mwenyewe. Muuguzi aliponyoosha mkono, Mama akamwambia, "Niache, mwanangu. Nimeshaingia."

Nyumbani nilimwonyesha chumba chake. Akashika kitasa, akafunga, akafungua, akafunga tena. Miezi yote miwili alivuliwa na kuvishwa mbele ya wodi nzima. Nikiwa ukumbini nikasikia sauti yake, ile ya zamani kabisa: "Anayetaka kuingia abishe hodi!"

Nilicheka huku machozi yananitoka, mdogo wangu.

Dada mkubwa anakusalimu sana, na mumewe pia. Mama anakuombea kila asubuhi, mlango ukiwa umefungwa. Nibusie mapacha. Mungu awafunike nyote, awape afya na riziki.

Ni mimi nikupendaye tangu ulipozaliwa,
Dada yako.