Fungu la Djibril

Majengo, Goma

Papa Djibril,

Salamu zikufikie huko Kindu. Kila Ijumaa tunachoma mbuzi kama zamani. Tangu bombe la vita lipasue koo la mutoto wetu Djibril, fungu lake ninalisaga na ndizi mpaka liwe uji, kisha ninalipitisha kwenye mupira wa kumulishia aliowekewa tumboni. Kwanza ananusa, anacheka.

Mama yako alinigombeza: "Mutoto hasikii utamu, unaharibu nyama bure. Mupe maji ya mifupa!" Nikaendelea kusaga.

Sasa mama yako mwenyewe amepooza, hawezi kumeza. Dokta amemuwekea mupira puani. Usiogope, ni mimi ninamulisha. Mbuzi ninamuchoma palepale mbele yake, ananusa, machozi yanamutoka. Kisha ninamupa maji ya mifupa, kama alivyonifundisha.

Muke wako,
Mwanaheri