Bi Solange na Chaza kwa Soseji

Firmin, acha usingizi wa mchana! Bi Solange, yule mjane wa Bourgogne ninayemwota kila siku, ametoka kwangu sasa hivi. 

Nilimwandalia kama tunavyokula hapa Bordeaux: chaza baridi, soseji za moto, na ile divai yangu nyeupe ya zabibu za Sauvignon na Sémillon.

Akanikodolea macho. "Soseji na chaza? Bwana Anselme, umerukwa na akili?"

SOSEJI NA CHAZA, Firmin! Nikajua nimeshamkosa.

Nikamwambia marehemu baba aliwahi kukata roho, tukamlisha mlo huu, akaketi kitandani akaomba mkate.

"Muongo mkubwa wewe!" Lakini akang'ata soseji, akameza chaza, akashushia divai.

Akainusa glasi. Akanywa tena, ndugu yangu!

"Limau," akasema. "Balungi. Halafu asali, kwa mbali... Baba yako aliomba mkate tu? Mimi ningeomba chupa."

Akamaliza sahani! Alipoaga, akatia kisu changu cha kufungulia chaza kwenye mkoba wake.

"Nakaa nacho mpaka Jumapili nikirudi. Usije ukamfungulia mwingine!"

JUMAPILI NIKIRUDI, Firmin!

Nina kisu kingine kabatini. Ole wako umwambie.