Figo ya Mbuzi wa Kaka Muhdhar

Mji wa Kale,
Mombasa.
9 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Zakariya,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Wahali gani wewe na mkeo Fairuz? Watoto wazima? Baridi ya Toronto imepungua makali? Sisi huku alhamdulillahi, tunasumbuliwa na vitu viwili tu: mvua na kaka yako Muhdhar.

Habari za figo zake ulizipata. Sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na akirudi hata mwiko wa halwa haushiki. Daktari Everlyne ametuambia wazi: apate figo nyingine, la sivyo hatutakuwa naye muda mrefu. Nimelia, Zakariya, sikufichi.

Basi akasikia redioni kuwa ng'ambo watu wametiwa figo za nguruwe. Lahaula! Siku nzima alisusa chakula. Kesho yake akaamka na akili mpya: kama nguruwe anafaa, mbuzi ana kosa gani? Akaenda Tononoka akanunua beberu, akamkagua meno kwa kituo, akampakia kwenye tuktuk mpaka hospitali. Alitaka achinjwe kwa bismillahi, figo itolewe ingali moto, atiwe yeye. Askari wa langoni akakataa kufungua. Beberu akaanza kula maua ya watu.

Daktari alitoka mwenyewe. Akaeleza kwa upole kuwa chembechembe za nguruwe zina sukari fulani juu yake ambayo sisi binadamu hatuna. Kinga ya mwili ikiiona tu, huivamia figo na kuiua papo hapo. Ndiyo maana nguruwe hao wa wataalamu hubadilishwa kabla hawajazaliwa, wasiwe nayo. Mbuzi naye anayo sukari hiyohiyo, na huyu wa Tononoka hakuna aliyemwondolea.

"Sukari?" akasema kaka. "Mimi mpika halwa, binti yangu. Sukari itanishinda?"

Beberu tulimla Ijumaa. Pilau ilikuwa nzuri sana.

Mimi nilijitolea figo yangu, wakanikataa kwa sababu ya presha. Ndugu wa damu aliyebaki ni wewe peke yako. Nilipolitaja jina lako, kaka alifura. Tangu umwambie mbele ya wageni wa harusi kuwa halwa yake inafaa kuzibia mabati yanayovuja, hamjasemezana. Akaapa kuwa afadhali hiyo ya nguruwe! Na ni yeye aliyesusa chakula kwa kuisikia tu.

Kwa hiyo nakuomba mimi, si yeye. Njoo upimwe. Sikukupigia simu kwa kuwa kila nikimtaja, mtandao wako hupotea.

Nisalimie Fairuz na uwabusu watoto. Shangazi Mejumaa anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Mola akulinde na akupe moyo mwepesi.

Dadako akupendaye daima,
Ummukulthum

Nyongeza: Kaka ameingia nikiikunja barua, akaninyang'anya, akaisoma yote amesimama. Nilijitayarisha kutukanwa. Badala yake akakaa, akafuta macho kwa ncha ya kikoi, akaniambia niandike hivi: "Mwambie aje. Figo akitaka abaki nayo. Lakini aje."