Leona Anangoja Barafu Iyeyuke

Kwa kaka yangu Alden,

Pokea salamu zangu na za huyu paka kilema, maana ndiye pekee anayenivumilia humu ndani. Nauliza hali yako, hali ya shemeji, na hali ya mgongo wako huko Florida mnakokaangwa na jua kama samaki. Mimi ni mzima, ukiondoa magoti, macho, na meno ambayo siku hizi hulala peke yake kwenye glasi. Baridi imetushika koo. Machi inakwisha na theluji bado imeegemea madirisha.

Kwanza ujue kwamba mdogo wako sasa ni mtu maarufu. Nimetoka kwenye gazeti kubwa la Boston, nusu ukurasa, na picha juu. Nikiingia dukani watu wananipisha.

Haya, usicheke, naona unacheka. Si mimi. Nusu ukurasa ni ya Leona Tatro, na kwenye picha mimi ni kile kiwiko kilichoshika mwavuli upande wa kushoto. Na dukani wananipisha kwa kuogopa fimbo yangu. Gazeti limemwandika Leona kwa sababu amefariki. Alikata roho Jumanne iliyopita asubuhi, mimi nikiwa nimeinama natia kuni kwenye jiko lake, namsimulia uongo fulani. Nilipogeuka nione kama amecheka, alikuwa ameshaondoka.

Najua hapo umeiweka barua mezani. Ichukue tena, kaka.

Gazeti linasema alizaliwa "katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Vermont", kana kwamba hatuna jina. Halisemi kwamba baba yake alijaza magunia kwenye kinu chetu cha talki, lile jiwe laini linalosagwa kuwa poda, kama baba yetu, akirudi jioni mweupe kama mkate usiookwa, na kwamba alikufa akikohoa kama baba yetu. Halisemi kwamba Leona alianzia kwenye kile kigazeti chetu cha wiki, akiandika nani kala chakula cha Jumapili kwa nani na ng'ombe wa nani kazaa. Kisha wakampa tanzia. Aliniambia tanzia ndizo zilizomfundisha kazi: ukikosea jina la marehemu, mjane wake atakukumbuka wewe muda mrefu kuliko atakavyomkumbuka mumewe.

Kutoka hapo akaenda Boston, akaenda vitani kuandika vita, akaenda Washington kuwaudhi wakubwa. Aliandika vitabu vitatu, vyote vya mambo ya kweli. Hadithi za kubuni alisema ananiachia mimi. Kitabu cha pili kilimpa nishani, na hiyo nishani aliitumia kuzuilia dirisha la jikoni lisijifunge. Hakuolewa. Alisema simu ilimposa mapema.

Alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wenzake. Kabla ya kuchapisha neno la mtu, humpigia simu akamsomea, kwa sauti kavu kama mtu anayesoma pakiti ya mbegu, kisha humuuliza: "Ndivyo ulivyosema?" Alishikilia kwamba mtu ana haki ya kujisikia mwenyewe kabla hajasikiwa na majirani.

Kitabu cha tatu kilikuwa chetu. Kilieleza kwamba wenye kinu walikuwa na picha za eksirei za vifua vya wafanyakazi, walijua mapafu yanaoza, wakazifungia kabatini. Kuna mtu wa ndani aliyemwambia. Mwaka uliofuata kinu kikafungwa, na wewe unajua watu wetu: hakuna aliyeshukuru kwa ajili ya mapafu, kila mtu alililia mshahara. Leona alikuwa mbali, basi wakamwandama mama yake. Bi Eulalie alikaa benchi zima peke yake kanisani. Alipokufa, mlangoni pale hakikuletwa hata chungu kimoja cha maharage. Hapa kwetu hata mlevi wa mwisho hupelekewa maharage akifiwa, sembuse akifa.

Na wewe ndiye uliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kinyozi, mbele za watu: "Yule mwanamke alikula kwetu, akatapika mezani petu." Likawa neno la mji. Mpaka leo watoto wanalisema bila kujua limetoka wapi.

Kila mtu alitaka kujua ni nani aliyemwambia. Wakamshuku Lyle Bressette, karani wa mizani, wakamtilia mchanga kwenye injini ya gari, mpaka akawa mtu wa kunywa peke yake. Leona aliandika gazetini kwamba si Lyle. Nani angemsadiki? Wakamtaka basi ataje ni nani. Hakutaja.

Aliporudi kuugulia kwenye nyumba ya mama yake, nilikuwa nikimpasulia kuni na kumwibia kwenye karata. Kila baridi nilimwuliza jina. Alinijibu kwamba mimi nikipewa siri asubuhi, adhuhuri kuku wangu wote wanayo. Juzi juzi, alipokuwa amebaki macho na mifupa, nilimwomba kwa heshima, jambo nisilolizoea. Nikamwambia kinu kimekuwa kutu, wenye kinu wamezikwa, ataje jina ili watu waache kutema mate wakipita mlango wake.

Akasema, "Nilimpa neno langu, Orrin. Sikumkopesha."

Sasa amelazwa kwenye chumba cha mawe pale makaburini, pamoja na wenzake waliokufa baridi hii, wakingoja ardhi iliyoganda ilainike mwezi wa Mei. Aliacha ombi moja: abebwe kwa mikono hadi kando ya kaburi la mama yake kule juu kilimani, na watu wa hapa, wasiolipwa. Guyette mzishi akanivuta pembeni. "Mzee Pike, nina kigari cha magurudumu. Hakina kinyongo na mtu." Nikamwambia ampakie mama mkwe wake.

Jeneza lina mishikio sita. Nimepita nyumba kwa nyumba na magoti haya. Mmoja aliniambia ana mgongo, mwingine kwamba baba yake atafufuka ampige. Mpaka leo nimewapata padri, Guyette mwenyewe kwa aibu, na watoto wawili wa Lyle Bressette, ambao hawakuuliza hata swali. Na mimi. Mshikio mmoja hauna mtu, na ukikosa mtu hadi Mei, Leona atasukumwa kama mzigo wa stesheni.

Alden, mwaka ule kabla kitabu hakijatoka, laini ya simu ilikuwa moja kwa nyumba nne, na kila mtu alisikiliza wenzake, ila mimi nilikuwa fundi wa kazi hiyo. Siku moja nilinyanyua simu nikitaka kuwasikiliza mjane Corliss na mchumba wake. Nikamsikia Leona, sauti ya pakiti ya mbegu. Alikuwa akisoma habari za kabati la chuma, na msimamizi wa zamu aliyelifungua akakuta picha ya kifua cha baba yake mwenyewe juu ya rundo. Akauliza, "Ndivyo ulivyosema?"

Nawe, kaka, ukajibu, "Ndivyo. Ila jina langu lisitoke kamwe."

Niliirudisha simu polepole kama yai. Sikumwambia mtu, hata Leona hakujua kwamba najua. Wala sitasema sasa. Sitakuwa mimi tundu la ndoo aliyoibeba miaka yote hiyo bila kumwaga. Ila nikwambie, kaka: lile lilikuwa jambo jema kuliko yote uliyowahi kufanya, na ndilo pekee ulilolionea haya.

Nisalimie shemeji, na wajukuu wasionijua. Mwambie shemeji machungwa yalifika, matatu yakiwa yameoza, nikayala hivyo hivyo.

Nina neno moja, nalo ni deni. Siku ya kumzika Baba mgongo wako ulikukamata ghafla, nikabeba upande wako na wangu. Njoo Mei ushike huo mshikio wa sita. Huna haja ya kusema chochote. Watu watadhani umekuja kuhakikisha kwamba amekufa kweli. Waache wadhani. Wewe shika tu.

Ni mimi mdogo wako,
Orrin Pike