Mashine Inayouliza Kama Nimekula

Kibera,
Jumapili, tarehe 13 Oktoba 1996

Dada Mwende,

Leo nitakueleza yote, hata lile ambalo sijamwambia Mama. Nikificha kitu utajua tu. Nilipokuwa nikidanganya hukunitazama machoni, ulinitazama masikio. Ulisema husogea.

Nimekaa kitandani kwako. Mvua imenyesha kidogo ikaacha, na jua linaingia kupitia matundu ya misumari kwenye mabati. Madoa ya mwanga yako ukutani, yanatembea polepole sana, na nikiyatazama kwa muda yanakuwa kama zile herufi zako za kijani kwenye kioo cheusi cha kompyuta, zinasubiri mtu azisome. Viatu vyako vya kahawia vinanitosha sasa. Mama aliviweka mlangoni asubuhi moja bila kusema neno, nami nikavivaa bila kusema neno. Tangu tulipokuzika Kitui mwezi wa nne, hivyo ndivyo tunavyozungumza mimi na yeye kuhusu wewe.

Kule Kawangware, kwenye chumba cha kupigia chapa, kiti chako anakalia Nafula. Usimkasirikie. Ni msichana wa Busia, anacheka sana, na anapiga chapa kwa vidole sita. Rangi ya kucha uliyopaka kwenye herufi za kibodi zilizofutika hajaibandua.

Mzee Kilonzo, yule mkubwa wako wa kazi, alileta kompyuta ya pili mwezi wa nane kutoka ofisi moja ya mjini iliyokuwa ikitoa za zamani. Yako ni ya aina ya 386. Hii, ambayo ni mpya kwetu peke yetu, ni 486. Zilikaa meza moja kama wake wenza mpaka landilodi akaja kusema stima yake inatosha kompyuta moja, kwamba ya pili inafanya taa za wapangaji wengine zipepese. Basi Mzee akaamua: moja itabaki. Nyingine fundi ataifungua Jumanne hii, kumbukumbu yake iongezwe kwenye itakayobaki, diski ifutwe, na vyuma vingine viwe spea.

Akaniambia, "Wewe ulifundishwa na Mwende. Pima, uniambie ipi inafanya kazi. Ukisema, mimi siulizi tena."

Nilifurahi, Dada. Prosesa yako, ule ubongo wa mashine, hupiga mara milioni arobaini kwa sekunde, ile nyingine milioni ishirini na tano. Nilidhani kazi imekwisha kabla haijaanza.

Halafu nikakumbuka barabara. Unakumbuka tulivyokuwa tukitembea kutoka Kawangware jioni, tunapita Dagoretti Corner, tunashika Ngong Road mpaka tunateremkia getini Ayany? Miguu yako ilikuwa mifupi na ilikwenda mbio kama cherehani. Mimi na huu urefu wangu nilijikokota tu. Siku moja nilihesabu: hatua zako nane, zangu tano, na tulikuwa bega kwa bega. Ukaniambia prosesa ni hivyohivyo, nisihesabu hatua, niulize nani amefika getini.

Kwa hiyo Alhamisi, baada ya shule, nilipima kama ulivyonifundisha. Disketi ileile, kazi ileile: majina mia sita ya wanafunzi, yapangwe kwa alfabeti. Nilitumia saa yako ya mkono. Yako ilichukua sekunde hamsini na mbili. Ile nyingine arobaini na tano. Nikarudia mara tatu, nikabadilisha ipi itangulie, na ikawa vilevile. Kwenye kujumlisha alama za mtihani zilikaribiana zaidi, lakini yako haikutangulia hata mara moja. Ile 486 hufanya mengi zaidi kwa kila pigo, na ina kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa yenyewe, kama mpishi aliyeweka chumvi karibu na jiko, hanyanyuki kila saa kwenda kuitafuta.

Niliandika kwenye daftari, kwa haki: kama Mzee angekuwa dukani leo na yako inauzwa nusu ya bei, ningemwambia achukue yako, kwa sababu sekunde saba si kitu kwa mtu mwenye pesa kidogo. Lakini hakuna anayenunua. Zote ziko mezani tayari na stima inatosha moja. Basi iliyo bora ni 486. Niliandika hivyo, nikapiga mstari chini kwa rula.

Kisha nikaiwasha yako tena, sijui kwa nini. Ikanguruma, ikahesabu kumbukumbu yake, na ule mstari ukatokea, ule ulioniwekea nilipoanza kidato cha kwanza, ili nikikuta umetoka kupeleka makaratasi nisijione niko peke yangu:

SASA MUTHEU. UMEKULA?

Nikajibu kama siku zote. Nikaandika BADO. Nayo ikanijibu kama siku zote kwamba haijui amri hiyo. Ulikuwa ukicheka hapo. "Hiyo haijui njaa," ulisema, kisha unafungua karatasi ya mandazi.

Nilikaa mbele ya mstari ule mpaka kioo kikawa kama dirisha, na nyuma yake nikaona kama kuna chumba kingine, kuna mtu anavua viatu.

Sasa sikiliza. Jana, Jumamosi, Mzee alikuja kuona kwa macho yake. Kabla hajafika nilibonyeza kile kitufe cha mbele cha 486, kile cha turbo, kikatoka nje. Unajua kikiwa nje mashine hutembea kama mgonjwa. Kwenye yako ulikibandika plasta ili wateja wasikiguse. Taa yake ndogo ilipozimika niliegemeza rundo la karatasi mbele yake. Kisha nikaita, moja, mbili, tatu, na nikatazama saa yako kana kwamba ni saa ya mtu mwingine.

Yako, sekunde hamsini na mbili. Ile nyingine, dakika moja na nusu na zaidi.

Nafula alisema, "Hii mpya imekula ugali mingi, imelala." Mzee akacheka, akapapasa mgongo wa mashine yako kama mtu anayepapasa ng'ombe. Alisema kumbe namba kubwa ni jina tu. Hakutaka kuona mara ya pili. Alisema neno la mtu aliyefundishwa na Mwende linamtosha.

Masikio yangu yaliwaka moto.

Alipoondoka, Nafula alikuwa akipanguza meza. Akasogeza karatasi. Akasema, "Mutheu, hii kitu ilikuwa nje," akakisukuma ndani kwa kidole, akaendelea kupanguza. Ni yeye atakayekaa na mashine ile niliyomchagulia, kila siku, na wateja wakimsimamia kichwani.

Usiku nilikuota. Ulikuwa mbele yangu Ngong Road, na hatua zako fupi, nami sikuweza kukufikia kwa sababu miguu yangu ilifungwa plasta. Ulinisubiri getini Ayany. Uliitazama saa, kisha ukanitazama, na hukuniuliza kama nimekula.

Nimeamka na lile neno lako: ukishajua unataka nani ashinde, mpe mtu mwingine saa. Kesho nikitoka shule nitakwenda moja kwa moja. Nitamwambia Mzee Kilonzo nilivyofanya, kwa sauti, Nafula akisikia. Kisha nitamvulia Nafula saa yako apime yeye, na mimi nitasimama mlangoni, mbali na vitufe. Nakuahidi. Najua itakayoshinda.

Mstari wako nimeunakili. Ni kifaili kidogo tu ambacho mashine hukisoma inapoamka, hakijazi hata pembe ya disketi. Disketi iko ndani ya Biblia yako.

Madoa ya mwanga yamefika kwenye mto wako sasa. Pumzika, Dada. Mama anakaanga kitunguu, na leo nitakula.

Mdogo wako,
Mutheu

Lakini hili unijibu kabla ya Jumanne, kwa njia yoyote unayoweza: nikiuweka mstari wako kwenye ile nyingine, nayo ikaamka ikaniuliza kama nimekula, bado utakuwa ni wewe?