Chura Aliyeikumbuka Kata

Dunda, Alhamisi, Novemba 1974

Mimi ndiye niliyemfundisha yule chura, na sijamwambia mtu. Masika yote nilikuwa nikigonga mtungi wa uani kwa kata, kisha namtupia mchwa. Hazikupita wiki mbili. Akisikia kata tu, anatoka nyuma ya mtungi.

Kosa langu ni kwamba Bibi naye hugonga vivyo hivyo kabla ya kutawadha, kuwafukuza mende.

Kiangazi chura akapotea. Nikadhani amesahau kila kitu, kama mimi nilivyosahau hesabu tangu nimalize shule.

Leo vuli imeanza. Alasiri Bibi akagonga kata, na chura huyo! Akakaa mbele ya miguu yake, kainua kichwa, anangoja.

"Huyu katumwa!" Bibi akapiga kelele. "Mwanaidi! Lete chumvi nimmwagie!"

Nikaileta. Mimi ambaye hata kujibu darasani nilikuwa siwezi, nikasema, "Bibi, huyu alikuwapo tangu masika. Nadhani anakukumbuka tu."

Bibi akamtazama sana. "Ananikumbuka? Miezi yote hii? Na mjomba wako yuko Tanga hapo, hata salamu haleti!" Akacheka mpaka kata ikamdondoka. "Rudisha chumvi. Mwache mgeni wangu."

Jioni nzima amekuwa akiwasimulia majirani, uso unamng'aa. Akijua kwamba chura alifuata mchwa, wala si yeye...

Daftari langu, nakuomba, tunyamaze sote wawili.