Nyota ya Kitambaa cha Nyanya

Bweni la Amani,
Migori.
Jumanne, 17 Juni 2025.

Kwa wifi yangu Irine,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na baba na mama na wote walioko hapo Ndhiwa. Mwanao Marcella naye hajambo? Nilipomwona mara ya mwisho alikuwa akitambaa kinyumenyume, na sasa bila shaka anatembea. Ikiwa bado anaogopa kuku, usimcheke sana. Mimi niliwaogopa mpaka darasa la pili. Huku shuleni mimi ni mzima wa mwili. Mafua yaliyotuzunguka bwenini mwezi wa Mei yamekwisha, na masomo yanaendelea, ingawa hesabu bado zinanishinda.

Ninakuandikia kwa sababu nambari yako haipatikani tena. Madam Edith, anayetufundisha sayansi kimu, ni mtu wa Ndhiwa na huenda kwao kila Ijumaa. Amekubali kukuletea bahasha hii mkononi. Hajui yaliyomo.

Kwanza nikupe habari za kufuma, kwa maana wewe ndiwe uliyenianzisha. Hapa tuna chama cha wafumaji, wasichana kumi na mmoja, kila Jumatano baada ya masomo. Madam ana sindano za kroshia za kila unene, lakini mimi bado natumia ile uliyonitengenezea kwa spoki ya baiskeli, ukaipinda kichwa na kuisugua juu ya jiwe la kufulia mpaka ikaacha kukwaruza. Wenzangu huniuliza kama nimekuja kufuma au kutengeneza magurudumu. Nacheka nao. Sitaki kuibadilisha.

Naikumbuka sana likizo ya Desemba. Kaka Ogeto alikuwa Masara kwenye machimbo, Mama yuko sokoni Rangwe na ndizi zake, na mimi nawe tumeketi nyuma ya jikoni, Marcella amelala juu ya leso. Hukutaka ninunue uzi mpya. Ulichukua sweta yangu kuukuu ya shule ya msingi, ukakata fundo la shingoni, ukaniambia nivute. Uzi ulitoka mstari baada ya mstari, umejikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa, nami nikauviringisha mpaka sweta nzima ikawa donge moja la kijani mkononi mwangu. Nilishangaa kwamba kitu kinaweza kufumuka chote na uzi wake ukabaki mzima. Uukumbuke mshangao huo, wifi, kwa sababu nitaurudia.

Kitambaa changu cha kwanza kilianza na vitanzi ishirini kikaisha na kumi na kimoja. Ulikiinua juu ukasema hata mbuzi wa Mama angekataa kukivaa. Baada ya hapo nikawa mwangalifu, lakini kwa njia mbaya. Nikihesabu na kupata vitanzi kumi na tisa, niliongeza kimoja mwishoni ili hesabu itimie, kisha nikaendelea kana kwamba hakuna kitu. Wewe ulijua kila mara. Uliniita mtoto wako kwa Kijaluo, kama ulivyozoea, ukasema:

“Nyathina, kitanzi kilichopotea hakiko mwishoni. Rudi ulikokiacha.”

Nilirudi kwa sababu uliniambia, na moyoni nikanung’unika.

Sasa nije kwenye kitambaa cha Nyanya Nyanchoka. Unakijua, lakini niache nikiseme kama ninavyokiona mimi. Nyanya alikifuma akiwa msichana huko Kisii, kwa uzi mweupe mwembamba, akaweka nyota ya ncha nane katikati na miduara mingi kuizunguka. Alimpa Mama siku Mama alipohamia Rangwe. Vitambaa vya viti Mama huvifua kila wiki kabla ya Sabato, lakini hicho cha meza hakikutoka ovyo. Kilitoka mchungaji alipokuja kwetu mara ya kwanza, na kilitoka siku tulipomzika Baba. Kaka na wazee walikuwa wameshafika kwenu, na mwezi wa Januari ikawa zamu ya wazazi wako kuja kuona mahali binti yao anapoishi. Mama alisema kitatoka kwa mara ya tatu. Sijui kama alikuambia hivyo wewe mwenyewe. Alituambia sisi, na alikuwa na furaha.

Jumatatu ya wiki ile ya ugeni nilikuomba unionyeshe jinsi nyota ile ilivyofumwa. Ulikitoa sandukuni, ukakikunjua kitandani kwa vidole viwili viwili, ukaniambia nitazame bila kugusa. Ulisema kazi kama hiyo nitaiweza baada ya miaka mitatu. Kisha ukakikunja kwa mikunjo ile ile ya Mama na kukirudisha. Jumatano ukaenda Ndhiwa na mfuko wako kuwaarifu wazazi saa ya kufika, ukarudi Alhamisi.

Ijumaa ile huna haja ya kukumbushwa, lakini lazima niiandike. Akina mama wanne wa kanisani walikuwa wamekuja kutusaidia kumenya ndizi. Mama alikuwa ameshakoroga maji ya wanga ya kukazia kitambaa. Akafungua sanduku, na kitambaa hakikuwamo. Alitoa kila kitu mpaka chini. Akauliza nani alikuwa amekigusa, nami nikasema nilimwona wifi Jumatatu akikikunjua kitandani.

Lilikuwa neno la kweli. Ulinitazama ukingoja nimalize sentensi, niseme kwamba ulikikunjua kwa ajili yangu na ukakirudisha mbele ya macho yangu. Ukaniambia niseme basi nilikuwa nimeketi wapi. Mimi nikatazama ndizi. Ndipo mmoja wa wale akina mama akakumbuka kwamba alikuona Jumatano na mfuko, na Mama akasema kitambaa basi kina miguu, kimekwenda Ndhiwa chenyewe. Wawili wakacheka. Uliweka kisu chini, ukanawa mikono taratibu, ukamchukua Marcella, na jua lilipotua, Sabato ikianza, hamkuwapo. Wazazi wako hawakuja Jumapili. Ndizi ziligawiwa majirani.

Tangu hapo nyumba yetu ni kimya. Kaka Ogeto akitoka Masara mwisho wa mwezi hula kwa Mama na kuondoka. Najua alikuja kwenu mara mbili na ulimwambia hutarudi kwenye nyumba ambayo wewe ni mwizi wake. Ulikuwa na haki ya kusema hivyo.

Wifi, kitambaa kilikuwa kwenye sanduku langu la shule.

Jumatano uliyokwenda Ndhiwa nilikitoa. Nilitaka kukushangaza kwa kuijua nyota ile kabla ya miaka mitatu. Nilifikiri kitakuwa kama sweta, kwamba nikikata fundo nitavuta mistari michache, niione ilivyopita, kisha niirudishe kama ilivyokuwa. Fundo dogo lilikuwa katikati kabisa ya nyota. Nililikata kwa wembe. Sikujua kwamba kitambaa cha duara huanzia katikati, na kwamba hufumuliwa kutoka ukingoni kilikomalizikia. Madam alitufundisha hilo mwezi wa Machi na nilitoka darasani nikaenda kulia chooni. Nilipovuta, pete ya katikati ilifunguka, ncha za nyota zikaachana moja baada ya nyingine, na uzi ule wa zamani ukakatika vipande vipande. Nilijaribu kuziunganisha kwa sindano ya kushonea. Kila nilipopitisha sindano, kitanzi kingine kiliachia. Nilipoacha, ngumi yangu ingeweza kupita kwenye tundu.

Nilikificha nikiwaza kwamba nitasema jioni. Jioni ikapita. Alhamisi ulirudi na kunipa njugu ulizoniletea, na nikashindwa kusema nikiwa na njugu zako mdomoni. Ijumaa nikasema neno lile la kweli ili lisimame mahali pa lile nililolificha.

Hapa shuleni nimejaribu kuifuma nyota hiyo upya mara ishirini na sita. Nilikuwa na wazo kwamba nikiiweza nitaishonea katikati, nikirudishe sandukuni, na Mama akikute siku moja aseme kumbe kilikuwamo. Wewe ungerudi na mimi nisingesema kitu. Nililishikilia wazo hilo muhula wote wa kwanza. Kisha nikafikiri kwamba kikionekana sandukuni, watasema umekirudisha kwa aibu.

Jumapili iliyopita Mama alikuja kunitembelea. Unajua hawezi kuja Jumamosi pamoja na wazazi wengine. Tuliketi chini ya ukuta wa maktaba akafungua chakula. Kabla hajanipa sahani nilimwekea kitambaa mapajani, nikamwambia yote, kuanzia wembe mpaka ndizi. Nilingoja anipige. Alipitisha vidole vyake kwenye tundu, akavitazama kwa upande wa pili. Kisha akasema:

“Na mimi nilimcheka mtoto wa watu mbele ya watu.”

Hakula. Alikikunja kitambaa tundu likiwa juu, akakiweka kikapuni. Aliniambia Ijumaa hii atawaita wale akina mama wanne, atakitandika mezani kilivyo, na kuwaambia ni nani aliyekitoboa akanyamaza, na ni nani aliyecheka. Alisema kila mmoja atalisikia jina langu na la Mama mwenyewe. Nimekubali. Nitakapofunga shule nitapita mbele yao kanisani, na iwe hivyo.

Kuja Ndhiwa anataka, lakini alisema hajui mtu huingiaje katika boma la watu ambao alimchukulia binti yao kuwa mwizi. Akanituma nikuulize kama mlango wenu utafunguka akibisha. Ukisema hapana, atapokea hapana. Hajakuomba urudi. Wala mimi siwezi kukuomba. Ninakuomba msamaha tu, na hata huo usiutoe kwa sababu mimi ni mtoto. Nilikuwa na umri wa kutosha kuhesabu.

Ndani ya bahasha utakuta nyota. Ni ile ya ishirini na sita. Nilipofika mzunguko wa tano nilikuwa nimepungukiwa kitanzi kimoja, na mkono ulitaka kukiongeza mwishoni. Nilifumua mpaka mzunguko wa pili, nikakipata. Sijaifunga fundo. Nimeacha uzi mrefu ukining’inia ukingoni, ili ukiona haifai uvute, na yote itafumuka. Ukiona inafaa, ifunge wewe.

Wasalimie baba na mama, hata kama hawatapenda kuzisikia salamu zangu. Mpakate Marcella kwa niaba yangu, bila kumwambia ni nani aliyekutuma. Madam Edith atapita tena kwenu Jumapili jioni kabla ya kurudi shuleni. Hata ukimpa mikono mitupu, nitajua barua ilifika.

Ni mimi, uliyenifundisha,

Dolphine Nyatichi